Wananiambia mteja alikuwa wangu peke yangu

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya saikolojia ya ushauri, mwaka wa mwisho. Tangu mwezi wa pili niko kwenye mafunzo ya nyanjani katika kituo kimoja cha afya huku Pwani. Chuo kinanitaka nikamilishe saa za kukaa na wateja kabla ya kuhitimu, na zimenibakia saa 34. Nakuandikia nikiwa sijapata usingizi wa maana kwa siku tisa.

Chumba changu ni kile kilichokuwa stoo ya dawa. Kina meza moja, viti viwili vya plastiki na friji inayonguruma hadi mteja wakati mwingine hulazimika kurudia alichosema. Siku ya kwanza inchaji, yaani mkuu wa kituo, alinikabidhi funguo akaniambia, "Wewe ndiye kaunsela wetu sasa." Nilifurahi, Mama. Nilidhani ni heshima. Kumbe aliyekuwapo alihamishwa mwaka jana na hakuletwa mwingine.

Miongoni mwa wateja niliopewa alikuwa binti wa miaka 19. Aliletwa kwangu na muuguzi baada ya kuharibikiwa na mimba, kwa kuwa "analia sana". Nilikaa naye mara tatu. Mara ya kwanza aliniuliza kama nitamwambia mamake. Nikamjibu, "Haya yote ni baina yangu na wewe, hayatatoka humu ndani." Nikampa na namba yangu ya simu, akitaka kuniambia lolote.

Mara ya tatu, siku ya Ijumaa, hakulia. Alikuwa ametulia mno. Alikaa anachomoa nyuzi kwenye pindo la leso yake, mmoja mmoja, anazipanga juu ya meza yangu. Akaniambia amempa mdogo wake viatu vyake vya Idi kwa sababu yeye havihitaji tena. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Nimechoka tu, dada. Mtapumzika na mimi." Mwili ulinisisimka.

Alipotoka nilimkimbilia inchaji. Ilikuwa yapata saa kumi, mkoba uko begani, anafunga ofisi. Tulizungumza barazani tumesimama, wagonjwa wanatupita. Nikamwambia naogopa huyu binti atajidhuru. Akasema, "Hawa mabinti ndivyo walivyo wakipoteza mimba. Mpangie Jumatano, muongee vizuri." Akaenda kupanda matatu. Mimi nikampangia Jumatano. Kwenye faili niliandika, "Mteja ana huzuni. Kikao kijacho Jumatano." Basi. Mengine nilikuwa nayasubirisha hadi aje mwalimu wangu wa chuo, ambaye huja mara moja kwa mwezi kunitia alama.

Jumapili saa tano na dakika kumi usiku alinitumia ujumbe: "Asante kwa yote dada." Nilikuwa nimelala. Niliuona alfajiri. Nilipopiga, simu ilipokewa na mamake wakiwa hospitali kuu ya kaunti. Ashukuriwe Mungu, yu hai, na madaktari wanasema atapona. Bado yuko wodini.

Jumanne mamake alikuja kituoni akauliza, "Ni nani aliyekuwa akimwona mwanangu?" Inchaji akaninyooshea kidole mbele ya foleni nzima. Baadaye akaniita ofisini na karatasi mbili. Ya kwanza ni taarifa iliyochapwa tayari, inayosema kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikimshughulikia mteja, nikamtathmini, na sikuona dalili yoyote ya hatari. Ya pili ni tupu: anataka niandike upya maelezo ya vikao vyote vitatu "vizuri, yaendane". Anasema hivyo ndivyo atakavyonilinda, kwani jambo likifika polisi huyo binti mwenyewe atashtakiwa. Nimempigia mratibu wa mafunzo chuoni, akanijibu kwamba wao wanashughulika na alama tu, mambo ya wagonjwa ni ya kituo.

Mama, mteja alikuwa wangu? Nitie sahihi? Na naruhusiwa kwenda wodini nimwombe radhi? Nimeanza kuamini kwamba kazi hii siifai.

Mwanafunzi, Pwani

*

Marahaba, mwanangu.

Usitie sahihi. Nimelitanguliza hilo, na nimekutumia jibu hili wewe kabla halijachapishwa, kwa sababu najua kuna mtu anakungoja na kalamu. Wala usiandike upya hata mstari mmoja wa yale maelezo. Wasomaji wengine wajue kwamba tumekubaliana kubadilisha mambo kadhaa katika barua hii ili binti huyo asitambulike. Sasa keti tuzungumze.

Mteja hakuwa wako. Binti aliingia kwa lango la kituo cha afya, akaandikwa kwenye rejista ya kituo, akaletwa kwako na muuguzi wa kituo. Alikuja kutafuta matibabu ya kituo. Kuamua kama hali yake ni ya hatari, kuamua kama apewe rufaa usiku huohuo, kumjibu mzazi akija kuuliza, yote hayo yalikuwa juu ya kituo tangu jina lake lilipoandikwa. Inchaji hangeweza kukuhamishia jukumu hilo kwa kukukabidhi funguo za stoo, kwa sababu wewe bado huna kinachokuruhusu kulibeba. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya hapa Kenya, namba 14 ya 2014, inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Mwanafunzi anajifunza chini ya aliyekwisha kuhitimu, na huyo aliyehitimu ndiye anayebeba uzito.

Sasa iangalie tena ile taarifa iliyochapwa. Inasema mteja alishughulikiwa na mwanafunzi "peke yake". Inchaji anadhani neno hilo linamwokoa. Mimi nimekaa kwenye vikao vya namna hii zaidi ya mara moja, na nakuambia wakili yeyote akilisoma, swali lake la kwanza halitakuwa kwako. Atauliza: kwa nini kituo kilimwacha mgonjwa aliyeharibikiwa na mimba, anayelia sana, na mtu asiye na usajili wala msimamizi? Karatasi hiyo inamwumiza yeye kuliko wewe. Wewe itakuumiza kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba haisemi kweli. Uliona dalili. Uliziona vizuri sana, hata nyuzi za leso uliziona, na ukaenda mbio kusema.

Nataka nikae kidogo kwenye hilo la kusema, maana hapo ndipo pana sehemu yako. Ukisoma hadi mwisho hutaniona nikikulaumu, ila sitakudanganya pia.

Umeandika, "Alipotoka nilimkimbilia inchaji." Alipotoka. Hapo ndipo ningekushika mkono kama ningekuwa msimamizi wako. Mteja akikuambia ameshagawa viatu vyake, hatoki. Unamwambia, "Nimefurahi umeniambia hili, na ni zito kuliko mimi. Naomba tukae hapa, namwita mwenzangu." Unafungua mlango wewe mwenyewe, unabaki mlangoni, unaita. Inchaji akija na mkoba wake begani, anamkuta binti kwenye kiti, na ni vigumu mno kumwambia mtu "ndivyo mlivyo" ukiwa unamtazama machoni. Barazani ni rahisi. Barazani mgonjwa hayupo, ila habari yake tu, na habari hupangiwa Jumatano.

Pia hukumuuliza. Wengi wanaoanza hawaulizi, wanaogopa kwamba wakitaja kujitoa uhai watakuwa wamempandikizia mtu wazo. Haiwi hivyo. Ni jambo lililochunguzwa kwa miaka mingi, na kuuliza waziwazi hakumsukumi mtu. Wengi hupumua, kwa kuwa mwishowe kuna mtu aliyelitamka. Unauliza kwa sauti ileile ya kuuliza kama amekula: "Je, umekuwa ukifikiria kujitoa uhai?" Akisema ndiyo, unauliza kama ameshapanga na kama ana kitu cha kujidhuru karibu naye. Majibu hayo unampelekea anayeweza kuamua. Hukufundishwa, au ulifundishwa darasani kwa slaidi moja, na siku ilipofika ulikuwa peke yako na friji. Kutojua ndiko kunakomfanya mtu awe mwanafunzi. Ndiyo maana pakawa na msimamizi.

Na ile ahadi ya kwamba hayatatoka humu ndani, usiitoe tena maishani mwako. Najua uliitoa kwa upendo. Lakini ilikufunga wewe na ikamfunga yeye. Tunachoahidi ni hiki, tena mwanzoni kabisa kabla mteja hajasema lolote: "Unayoniambia nayatunza. Mimi ni mwanafunzi, na nina msimamizi ninayejadiliana naye kazi yangu. Nikiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, nitamhusisha mtu wa kutusaidia, na nitakuambia kabla sijafanya hivyo." Ni maneno machache. Zingatia kipande cha "mimi ni mwanafunzi". Mteja ana haki ya kujua anakaa na nani, na akitaka aliyehitimu aelekezwe kwake. Yule binti aliambiwa? Kama kila mtu kituoni alikuita kaunsela, yeye angejuaje?

Kuhusu simu, ujumbe ule wa saa tano usiku usiubebe kama kosa lako. Ulikuwa umelala, na binadamu hulala. Kosa lilitangulia: kituo hakikuwa na namba ya kumpa mgonjwa kwa usiku, basi yako ndiyo ikawa namba ya kituo. Anayekaa na mteja mwenye hatari humpa mahali penye watu walio macho, kama vile chumba cha dharura cha hospitali ya kaunti, au namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ambayo hupigwa bila malipo, na humtafuta ndugu mmoja wa kukaa naye. Ujumbe wenyewe usiufute. Usimtumie mtu wala kuuonyesha rafiki. Siku ya kikao rasmi ndiyo siku yake.

Nimeingia kazi hii baada ya mlipuko wa bomu Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Watu zaidi ya 200 walikufa siku ile na maelfu wakaumia, na washauri nasaha nchi nzima tulikuwa wachache. Nilikuwa na cheti cha wiki chache. Tulipewa viti chini ya hema tukaambiwa, "Wasikilizeni." Wiki ya pili alikuja mzee mmoja aliyempoteza mkewe. Alizungumza nami saa nzima kuhusu kondoo wake, jinsi alivyowagawia majirani wote, mmoja huku, wawili kule. Sikuelewa. Nilidhani ni ukarimu wa huzuni. Jioni ile mama mmoja mtu mzima, mtawa, alipita akatukusanya sisi vijana sita, akatuuliza mmoja mmoja: "Leo nani amekutia hofu?" Nikamtajia mzee wa kondoo. Hakuniuliza lingine. Alisimama, akachukua shali yake, tukaenda naye usiku uleule hadi alikokuwa amefikia yule mzee. Mimi sikuwa nimetambua chochote. Kilichomwokoa mzee yule ni kwamba palikuwa na mtu aliyekuwa na kazi ya kuniuliza mimi.

Huo ndio usimamizi ninaouzungumzia. Kuja mara moja kwa mwezi na fomu ya alama ni jambo lingine kabisa, zuri kwa mahali pake. Nchini Uingereza, chama chao cha washauri nasaha, BACP, kinataka mwanafunzi wa kozi iliyoidhinishwa apate saa zisizopungua 100 za kukaa na wateja, na kwa kila saa 8 za wateja awe na saa 1 ya msimamizi. Saa 1 kwa 8. Hesabu zako wewe zinasemaje? Kule, kabla mwanafunzi hajamwona mteja wa kwanza, chuo, kituo, msimamizi na mwanafunzi huwekeana makubaliano ya maandishi: nani anapima wateja na kuchagua anayemfaa mwanafunzi, nani anaitwa pakitokea dharura, faili ni za nani, na jukumu la kitabibu liko kwa nani. Sisi huku mara nyingi tunaandika barua ya ukurasa mmoja ya kuomba nafasi, kituo kinajibu "karibu", na mwanafunzi anapanda gari.

Kwa hiyo mratibu wako amekosea aliposema chuo ni alama tu. Mgonjwa ni wa kituo, hapo sawa. Lakini mwanafunzi ni wa chuo. Chuo ndicho kilichochagua au kukubali kituo kile. Kilipaswa kujua kwamba kaunsela alihamishwa. Kilipaswa kuuliza swali moja tu kwa simu: "Nani hapo atamsimamia?" Kama jibu lingekuwa "hakuna", usingekwenda. Na kama hakikuuliza, basi kiliweka mwanafunzi na wagonjwa hatarini kwa pamoja. Barua nyingi za vyuo hutaja pia kwamba mwanafunzi ana bima. Isome. Mara nyingi ni bima ya ajali, ukianguka ngazini. Uliza kwa maandishi kama inagusa kazi unayofanya na wateja.

Turudi kwenye karatasi ya pili, ile tupu. Hiyo ndiyo iliyonikosesha raha zaidi.

Kuna kesi ambayo kila mwanafunzi wangu lazima aisikie, ya Tarasoff, huko California. Mwaka 1969 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Berkeley, Prosenjit Poddar, alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba atamwua msichana. Mwanasaikolojia, Lawrence Moore, hakunyamaza: aliwaarifu polisi wa chuo na kuwaandikia barua. Polisi wakamshika kijana, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia. Kisha mkuu wa idara, Harvey Powelson, akaomba barua ile irudishwe, akaagiza nakala zake na maelezo ya Moore yaharibiwe, na kusiwe na hatua nyingine. Tarehe 27 Oktoba Poddar akamwua Tatiana Tarasoff. Hakuna aliyekuwa amemwonya yeye wala wazazi wake. Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 1976 kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda mtu aliye hatarini, na kwamba kinga ya siri inakoma pale hatari kwa wengine inapoanza. Watu huikumbuka kesi hii kwa jambo la siri. Mimi huwafundishia ile amri ya kuharibu karatasi. Aliye chini aliona, akaandika; aliye juu akataka ionekane hakuna kilichoonekana. Hukumu ya California haiwafungi mahakimu wetu, ila wewe umekaa kwenye kiti cha Moore wiki hii.

Basi faili inabaki kama ilivyo. Ule mstari wako mfupi wa Ijumaa ni dhaifu, na utabaki dhaifu. Unachoruhusiwa ni kuongeza chini yake maelezo mapya yenye tarehe ya leo na saa ya leo, yakianza kwa maneno, "Nyongeza iliyoandikwa baadaye." Hapo unaeleza alichosema binti kuhusu viatu, maneno yake yaleyale, saa uliyomwona inchaji, ulichomwambia, alichokujibu. Usifute, usipake rangi nyeupe, usichane. Ukikosea neno, piga mstari mmoja unaoruhusu kusomeka, weka sahihi yako pembeni. Maelezo yaliyochelewa yenye tarehe ya kweli yana heshima yake. Yaliyorembwa yakapewa tarehe ya zamani ni kughushi, na hapo ndipo mtu asiye na kosa hulipata.

Usipige picha faili ya binti kwa simu yako ili "uwe na ushahidi". Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mgonjwa huyo hajakuruhusu. Unachokwenda nacho nyumbani ni maelezo ya matendo yako wewe, bila jina lake wala mtaa wake: tarehe, saa, nani alisema nini. Yaandike leo, usiku usije ukakuchanganyia.

Na hilo la polisi, inchaji yuko nyuma ya wakati. Ni kweli kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa, na watu walifungwa kwa hilo. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mtu asimtishe mama yule kwa polisi. Wala asikutishe wewe.

Sasa kazi ya wiki hii. Mwandikie mratibu barua pepe, nakala kwa mkuu wa idara. Iwe fupi, bila hasira: tukio lilitokea tarehe fulani, uliripoti saa fulani, umepewa taarifa ya kutia sahihi ambayo si ya kweli na umeombwa kuandika upya maelezo, umekataa yote mawili, unaomba kikao cha chuo, kituo na wewe katika wiki hii, na unaomba usipewe mteja mwingine hadi upatikane msimamizi aliyesajiliwa. Simu alikujibu kirahisi. Barua yenye nakala haijibiwi kirahisi. Inchaji mwambie kwa adabu, ukiwa umesimama: "Mkubwa wangu, nimeliripoti chuoni, nitajibu mbele ya kikao." Asipokubali, ofisi ya afya ya kaunti ina mlango. Na usimfanye adui. Yamkini naye ana wagonjwa 80 kwa siku, hajaletewa kaunsela kwa mwaka mzima, na ameingiwa na hofu. Hofu yake haigeuzi uongo kuwa kweli, lakini itakusaidia kuzungumza naye kama binadamu.

Saa zako 34 ziache zingoje. Naona unazitaja kwenye aya ya kwanza kabisa, na nakuelewa, karo imelipwa kwa jasho la mtu. Lakini kila saa unayokaa kwenye chumba kile bila msimamizi kuna mteja anayelipia. Dai chuo kikuhamishie mahali penye mtu. Nawe tafuta mshauri wako mwenyewe, wa kukusikiliza wewe, asiye mwalimu wala mkubwa wako. Siku tisa bila usingizi si jambo la kuvumilia kimya. Kama kazi hii huifai au unaifaa, utalijua ukiwa umelala. Mimi niliyesoma barua yako naona mtu aliyehesabu nyuzi kwenye leso ya mteja. Wanafunzi wengi niliowasimamia hawaoni leso.

Kuhusu kwenda wodini. Usiende peke yako, na usiende kuomba radhi. Ukienda kulia mbele yake, yeye atalazimika kukubembeleza, naye yuko kitandani na dripu. Lakini pia usitoweke. Alikuita dada, na mtu aliyemwaga moyo wake akaona aliyemsikiliza hayupo tena hudhani kwamba maneno yake ndiyo yaliyomfukuza.

Kuna jambo limenisumbua tangu niisome barua yako. Karatasi mbili ziliwekwa mezani, mama alikuja, simu zikapigwa chuoni, na katika yote hayo sijaona mtu anayeuliza binti akitoka hospitali atapokewa na nani. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ni wakati wa hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila mtu nyumbani anashusha pumzi, na yeye anabaki na kilekile kilichompeleka. Lipeleke swali hilo kwenye kikao, liwe la kwanza kabla ya la nani mwenye kosa: jina la mshauri aliyesajiliwa au muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya kaunti, na tarehe ya kumwona, iwe imeandikwa kabla hajatoka wodini.

Wakishampata mtu huyo, omba uende naye, mara moja, dakika kumi, ikiwa binti mwenyewe na madaktari wake wamekubali. Mwambie: "Nilikuambia hayatatoka humu ndani. Sikupaswa kuahidi hivyo. Nimewaambia watu kwa sababu nataka uishi. Mimi bado ni mwanafunzi, na huyu ni mwenzangu mwenye ujuzi zaidi, yeye ndiye atakayekaa nawe sasa." Umwache ajibu anavyotaka, hata akikukasirikia. Kisha inuka, umpishe mwenzako kwenye kiti.